Makufuli Arobaini na Cherehani ya Mama

Jumatatu, tarehe 4

Dada yangu mpenzi, daftari hili nitakuletea kwa dereva wa lori likijaa, maana bei zinavyopaa, stempu ya asubuhi jioni haitoshi. Mume wangu hajambo, shingo tu imekonda. Mama mkwe hajambo, anasema meno yamepungua lakini maneno yapo. Binti mkubwa hajambo. Mapacha hawajambo, wanakula kama mchwa. Kuku alikuwa hajambo mpaka jana. Mimi ni mzima, ila wasiwasi. Unanijua.

Sasa habari. Fedha ya nchi imekufa. Leo kiwandani mume wangu kalipwa mshahara wa makufuli. Arobaini, kila moja na ufunguo wake. Kayamwaga mezani. Mama mkwe akauliza yanapikwa kwa maji mengi au kidogo.

Jumamosi mwenye mashine ya unga atakuja na mkokoteni. Atuachie gunia la unga, achukue cherehani. Cherehani ya marehemu mama, Dada. Ile iliyokudunga kidole. Nimemwomba mume wangu anipe mpaka Jumamosi, nilipate gunia kwa makufuli. Akasema haya mke wangu, kwa sauti ya kumbembeleza mwenye homa.

Jumanne, tarehe 5

Nimezunguka soko zima. Muuza nyanya akaniuliza afunge nini, na ndani hamna kitu. Kweli kabisa. Nimetoka na makufuli arobaini, nimerudi na makufuli arobaini na malengelenge mawili.

Mlangoni nani? Mama Povu, jirani. Mumewe analipwa sabuni, basi hatulali kwa harufu ya majivuno. Akaniuliza, vipi shoga, kufuli limepata mchumba? Nikamwambia mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Akasema, wali wenyewe uko wapi.



Jumatano, tarehe 6

Nimepata wazo nikisugua sufuria. Kufuli halinunuliwi na mwenye mali, linanunuliwa na mwenye hofu. Nikamnong'oneza Mama Povu kwamba wameonekana wezi, tena wanapenda sabuni. Nikamwapisha asimwambie mtu. Kabla maji hayajachemka mtaa mzima unajua.

Nikapanga makufuli barazani, nikakaa. Hakuja mnunuzi hata mmoja. Badala yake wanaume wamekutana na kuunda zamu za ulinzi. Zamu ya kwanza, mume wangu.

Alhamisi, tarehe 7

Wezi hawa wananitia hofu. Najua ni wangu, nimewatunga mwenyewe, lakini watu wanavyowasimulia wameshakuwa na urefu na makovu. Je, wakija kweli? Cherehani iko karibu na dirisha.

Nimeunganisha makufuli yote arobaini, hili ndani ya lile, mnyororo mmoja. Nimeuzungusha kwenye cherehani mara mbili, nikaufunga kwenye nondo za dirisha. Funguo zote nimezitia kopo moja zisipotee. Binti mkubwa akauliza, mama, upi ni wa lipi? Nikamwambia asinichoshe na mambo ya shule.

Jumamosi, tarehe 9

Jana sikuandika. Nilikuwa nalia kidogo na kupiga pasi.

Leo mwenye mashine kafika, mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi. Akavuta cherehani. Nyumba ikatikisika, cherehani haikutoka. Mume wangu akaniomba ufunguo. Nikampa kopo.

Akajaribu mpaka shati likamganda mgongoni. Mwenye mashine akajaribu. Mama Povu kachungulia dirishani akishauri tupake sabuni, yake anayo. Mume wangu akaniuliza taratibu, mama watoto, hivi ulikuwa unawaza nini? Nikasema nilikuwa naogopa wezi.

Mwenye mashine akageuka. Akauliza, kumbe hata huku wameonekana? Yeye hajafumba macho tangu juzi, na ghala lake linafungwa kwa kamba. Mama mkwe akamwambia, mwanangu, kitu kinachomshinda mwenyewe mchana kweupe, mwizi atakiweza gizani?

Mwenye mashine akautikisa tena ule mnyororo, haukulegea. Kisha akashusha gunia. Akataka makufuli thelathini na manne badala ya cherehani, sita tubaki nayo.

Mama mkwe akakalia kigoda, akajaribu ufunguo mmoja mmoja huku akisimulia ujana wake wote. Alasiri, kufuli la mwisho likafunguka. Mume wangu akasema nimeiokoa cherehani ya mama. Nikainamia gunia nikalia, unga ukaganda mashavuni. Mama Povu kaondoka bila kuaga.

Jumapili, tarehe 10

Dada, sasa nina akili. Unga nimeutia katika sanduku la bati la mume wangu, kwa sababu ya mapacha, na kwa sababu ya Mama Povu, ambaye leo kapita mara tatu akinusa. Nimelifunga kwa makufuli yote sita. Na safari hii sikuchanganya. Kila ufunguo nimeufunga uzi wa rangi, na kufuli lake uzi wa rangi ileile. Hata binti mkubwa kasifu.

Kopo la funguo nimelificha pasipofikiwa na mtu yeyote. Chini kabisa ya unga.

Mume wangu anauliza chakula kitaiva saa ngapi. Nimemwambia bado kidogo. Dereva wa lori anapiga honi, naharakisha. Dada, shemeji bado anao ule msumeno wa kukatia chuma? Nijibu upesi, kwa lori hilihili likirudi, mapacha wameshashika sahani.