Sifuri Yangu na Barafu ya Abiba

Jumatatu, 16 Juni

Mzee Yattani, mkuu wetu, ametangaza: msimamizi wa maabara atakuwa mimi au Rahab. Ijumaa mkaguzi anatoka Nairobi. Kila mmoja wetu apime kipimajoto kikuu cha platinamu kwenye barafu, kisome sifuri, kisha aandike kila kitu kinachoweza kupotosha kipimo. Vipimajoto vyote vya friji za chanjo ya mifugo, hadi Garbatulla, hulinganishwa na hicho kimoja. Kingine hatuna. Rahab ameandika mambo kumi na manne. Kumi na manne! Mtu anajianika hivyo? Mimi nimeandika matatu. Mkaguzi ataona nani ana uhakika.

Jumanne, 17 Juni

Balaa! Nilikuwa namwonyesha Luke, askari wa geti, jinsi fundi wa kweli anavyokishika. Kikaanguka. Nje hakina hata mkwaruzo, lakini ndani kuna waya mwembamba sana, na ukitikisika kipimajoto husoma juu kuliko joto lenyewe. Hilo nalijua, nilifeli swali lake chuoni. Luke ameapa hakuona kitu. Kiapo kimenigharimu chai na mandazi manne.

Jumatano, 18 Juni

Nimefika mapema nipime kwa siri. Maji safi ya kutengenezea barafu yameisha. Wiki jana niliyamwaga yote kwenye betri ya gari la Mzee Yattani, anione mtu wa maana. Hata hakuona. Nikavuka barabara kwa Abiba, muuza juisi. Akanipa ndoo ya barafu, akauliza kama serikali nayo imeanza kuuza juisi. Nikatumbukiza kipimajoto. Sifuri! Sifuri kamili! Nimecheza peke yangu mpaka kiti kikaanguka. Mungu si Athumani.

Alhamisi, 19 Juni

Rahab amepima kwa barafu ya maji aliyonunua mwenyewe. Kikasoma nukta sifuri nne juu ya sifuri. Nikamwambia barafu yake ni mbovu. Akauliza yangu ilitoka wapi. Nikasema, mahali pa kuaminika. Luke, yule msaliti, akaonyesha ng'ambo ya barabara. Rahab akarudi na kikombe cha maji ya Abiba, akaniambia nionje. Ya kisima. Chumvi tupu! Chumvi ilishusha barafu chini ya sifuri, kuanguka kulipandisha kipimo, makosa mawili yakafichana.

Nikakiri yote. Nilijua ataenda moja kwa moja kwa Mzee. Badala yake akakiweka kipimajoto kwenye tanuri, moto mkali, masaa manne, kisha akakiacha kipoe polepole ili waya utulie. Tukapima tena kwa barafu yake. Sifuri! Nikakaa sakafuni. Nilikaribia kulia, sioni aibu kusema.

Ijumaa, 20 Juni

Mkaguzi ameridhika. Cheo ni cha Rahab. Jambo la kumi na tano kwenye karatasi yake linasema kipimajoto kilianguka, kikatulizwa kwenye tanuri, kikapimwa upya. Jina langu halipo. Ah, nimepumua! Kazi bado ninayo. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumapili, 22 Juni

Kesho kipimajoto kinaenda Garbatulla. Rahab ameagiza nikibebe kwenye gari, ndani ya sanduku lake la sponji. Gari linachelewa, na sanduku halikai kwenye pikipiki yangu. Nimekiviringisha kwa sweta, kiko salama kabisa. Nikifika kabla ya wote nitakipima mwenyewe, Mzee asikie. Barafu si shida. Abiba ameshanijazia thamosi.