Mgongano wa Maslahi wa Mama Pacha

Idara ya Sosholojia inayo furaha kuutangazia ulimwengu kwamba, kuanzia sasa, tafiti zote za umaskini zitafanywa na watu wasioujua. Anayeujua ana mgongano wa maslahi. Ndivyo ilivyoamua Kamati ya Usafi wa Tafiti, baada ya tafakuri nzito na posho nzito zaidi.

Amri hiyo ilimkuta Mama Pacha, mhadhiri wa kibarua, siku ya usaili wa ajira ya kudumu mbele ya Kamati hiyo hiyo. Mkataba wake ulikuwa unakata roho Ijumaa, na pacha wake hawajui mkataba ni nini, wanajua maziwa.

Utafiti wake ulihusu watu wa kipato kidogo wanaonunua televisheni kubwa kwa mkopo: nani amewafundisha kuona aibu bila hiyo?

"Mada tamu," alisema Mwenyekiti, bingwa wa tabaka la chini, aliyelichunguza maisha yake yote kupitia kioo cha gari. "Lakini wewe, binti yangu, televisheni yako umemaliza kulipa?"

"Bado, Profesa. Tunaitazama kwa kuiomba radhi."

"Basi umo humo humo! Kinyozi hajinyoi, mama."

Wajumbe wakacheka kwa kiwango kilichoidhinishwa.

Mama Pacha akafunga faili la televisheni. Lakini aliyezoea kubembeleza vilio viwili kwa mpigo hakosi pa kushika.

"Sawa, wazee wangu. Nabadilisha mada. Nitachunguza maprofesa: magari wanayonunua, na posho zinazoyanunua. Huko sina maslahi hata chembe."

Katibu akapekua kanuni, mbele, nyuma.

"Mwenyekiti, anaruhusiwa. Tena katika idara nzima anayeruhusiwa ni yeye peke yake."

"Wee! Hata gari la mke wangu?" akaruka mjumbe mmoja.

"Hasa hilo, shemeji," akajibu Mama Pacha.

Kamati ikanong'ona, ikaibuka na suluhisho la kisayansi: apewe ajira ya kudumu, nyumba na posho papo hapo, awe mwenzao, maslahi yamfunge mdomo. Mama Pacha akatia saini.

"Karibu kwetu," Mwenyekiti akashusha pumzi. "Sasa sisi huwezi kutuchunguza."

"Siwezi, Profesa. Ila umaskini umenitoka, kwa hiyo ule utafiti wa kwanza ni halali. Naanza na wahadhiri vibarua wa idara hii: nani anawafanya maskini?"

Katibu, mtu wa kanuni, akaandika: *Imeidhinishwa.*