Sauti Iliyovuka Barabara

Jumatatu, 4 Novemba

Spika zangu mbili zimekufa jana Jumapili, saa mbili na robo usiku, mbele ya watu sitini na mmoja waliolipa. Jenerali mwovu alikuwa ndio kwanza anachomoa upanga. Ikasikika tsss, harufu ya waya, basi. Kimya. Jenerali anapanua mdomo kama samaki sokoni. Sijawahi kuona watu sitini na mmoja wakigeuka nyuma kwa pamoja. Wote walikuwa wananitazama mimi!

Laptopu nzima. Runinga nzima. Lakini spika za ndani za laptopu ni za mtu mmoja aliyelala chali, na laptopu yenyewe iko tumboni kwake. Si za kibanda cha sinema.

Na hapa Kikoma mtu haji kwenye kibanda changu kumtazama Mchina akiruka. Anakuja kumsikia Kawuki, kwa jina la kazi Vijei Ngurumo, anayekaa kando ya laptopu na maikrofoni yake akiieleza filamu yote kwa Kiganda: nani msaliti, nani kaoa kwa nani, bunduki imebakiza risasi ngapi. Mchina akifumbua mdomo, anayesema ni Ngurumo. Picha ni chumvi. Chakula ni Ngurumo.

Leo asubuhi Ngurumo kaja na koti begani. Kasema yeye ni ngurumo, si mbu wa kwenye kopo. Kasema nikiwa sina spika za maana kufikia Jumamosi, anahama. Nikamkumbusha kwamba nilimtoa kwenye kukatisha tiketi za basi. Akasema hata huko alikuwa akisikika.

Akienda, nimekwisha. Kibanda hiki nimekijenga ubao kwa ubao, bila mjomba serikalini.

Ng'ambo ya barabara, Nnaalongo Nabatanzi, mama wa mapacha muuza chapati za mayai, alikuwa akikaanga na kutabasamu. Zamani alikuwa akikaangia kwenye baraza yangu. Nilimweleza kistaarabu kwamba njaa ya wateja wake naitengeneza mimi, kwa kuwakalisha saa tatu, kwa hiyo nusu ya kila yai ni langu kihaki. Siku hiyohiyo alibeba sigiri yake, akavuka. Tangu hapo tunaamkiana kwa zile salamu zetu ndefu, za heshima zote, hatuachi hata neno moja. Chuki tupu.

Jumanne, 5 Novemba

Kampala. Ghorofa ya tatu, duka la Sula, kijana mwenye duka la upana wa kabati na maneno ya upana wa ghala. Nimekwenda na laptopu yangu. Sinunui sauti kwa kuambiwa.

Kwanza kanionyesha spika ndogo za kuchomeka kwenye tundu la flashi, kama mayai mawili. Nikamwambia hizo ampelekee mwanafunzi. Kisha za ukubwa wa kati. Kisha isiyo na waya, ndefu kama thamosi. Kisha, chini kabisa, likiwa limefunikwa na magazeti, jitu lenyewe: mabomba mawili marefu na sanduku la besi la kutosha kumlaza mbuzi.

Nikawasha filamu ya Ngurumo niliyorekodi mwaka jana, kupitia ile isiyo na waya. Ajabu! Kabla Mchina hajaanza kukimbia, mlango ukajaa. Wapagazi, wauza soksi, mama mmoja na kuku wake. Wakasikiliza mpaka mwisho, wengi hata skrini hawaioni, wanacheka, wanalia. Filamu ilipokwisha wakaondoka zao. Hakuna aliyenunua hata betri! Sula kakasirika, kasema, "Ssebo, hapa ni dukani, umewashibisha watu bure." Nimeandika hili kama ushahidi kwamba spika ni nzuri.

Akaniuliza kibanda changu kina ukubwa gani. Hatua kumi na mbili kwa tisa, kuta za mbao. Akasema nichukue za kati, zitanitosha. Nikamtazama. Mfanyabiashara anayekushauri ununue kidogo, ana mzigo uliomdodea.

Nimechukua isiyo na waya. Isiyo na waya haina cha kuungua. Hiyo ni hesabu tu.

Jumatano, 6 Novemba

Sijui niandike vipi.

Jaribio la jioni. Watu thelathini. Ngurumo katulia, kamwagilia koo maji ya uvuguvugu, kamfikisha jenerali kwenye uwanja wa kukatia vichwa. Laptopu ikasinzia kidogo tu, kama mzee kanisani. Basi ile spika, bila haya, ikatafuta rafiki mwingine! Ikampata ng'ambo ya barabara: simu ya binti wa Nnaalongo. Kwaya ikaanza. Sauti zote nne!

Jenerali kakatwa shingo kwenye ubeti wa tatu. Wanawake wawili wa benchi la nyuma wakasimama wakaimba. Mmoja akatoa sadaka, akampa Ngurumo.

Ngurumo sadaka kaichukua, koti pia kalichukua. Kasema Jumamosi haijabadilika.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimerudi kwa Sula. Kakubali kubadilisha, kwa kuongeza. Nikamwambia alete jitu.

Kwenye boksi limeandikwa wati elfu nane. Nyuma yake, kwenye kikaratasi kidogo: wati arobaini. Nikamuuliza hizo elfu saba mia tisa na sitini zimekwenda wapi. Akasema hizo ni wati za muziki, zile arobaini ni za ukutani. Na umeme natozwa kwa zipi? Za ukutani. Nikanyamaza ili asishtuke. Yaani nalipia arobaini, nasikika elfu nane! Biashara kama hii hata ng'ombe wa maziwa hakupi.

Mara hii tena kaniuliza kama sioni ni kubwa mno kwa kibanda cha mbao. Nikamuuliza yeye ana kibanda? Hana. Basi.

Ya kuongezea nimeipata kwa kuuza mabati ya baraza yangu. Baraza ya nini? Watu husimama pale wakisikiliza kupitia ufa bila kulipa. Nimeua ndege wawili. Aliyeyanunua ni kijana mmoja mwenye mkokoteni, mnyenyekevu, hakuomba kupunguziwa bei hata kidogo. Nilishangaa.

Ijumaa, 8 Novemba

Jitu limefika kwenye pikipiki, mimi nyuma nimelikumbatia kama bibi harusi. Kikoma nzima ilisimama.

Yule kijana wa mkokoteni ni mpwa wa Nnaalongo. Mabati yangu yako juu ya mabenchi yake! Mabenchi mapya manne! Nilivuka kuuliza maana yake nini. Nnaalongo alinisalimia kwanza, salamu nzima, akauliza hali ya nyumbani, ya mifugo, ya migomba, kisha akasema mvua za Novemba ni mbaya, na mtu akila anapenda kukaa.

Cheka tu, mama. Kesho utajua elfu nane ni nini.

Jumamosi, 9 Novemba

Ngurumo kafika saa kumi na moja. Kashika maikrofoni, kasema neno moja, "Wapendwa." Vumbi likadondoka kutoka darini. Mbwa watatu wakakimbilia shamba la kahawa. Ngurumo akaishusha maikrofoni polepole akaitazama kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wake wa kwanza. Machozi kabisa! Kasema haendi popote. Kasema, "Bosi, leo nitasikika mpaka kwa wakwe zangu." Kanikumbatia. Nilijua. Mimi hesabu hazijawahi kunitupa.

Saa moja kamili, filamu mpya. Nikafungua mlango.

Wameingia watu kumi na mmoja.

Nikahesabu tena. Kumi na mmoja, na mmoja wao ni shemeji yangu, halipi.

Nikadhani kuna msiba mtaani. Nikatoka nje kutazama. Banange! Ng'ambo ya barabara, chini ya mabati yangu, watu zaidi ya themanini! Wamekaa. Wanakula chapati za mayai. Wana senene wa kukaanga kwenye vikaratasi. Ngurumo akisema "mtazame huyo nyoka anavyomkaribia dada yake," wote themanini wanaguna kwa pamoja, huku wanatazama barabara tupu! Hawaoni picha na hawajali. Picha wanapewa na Ngurumo masikioni, bure, na upepo mwanana juu.

Mzee mmoja akaniona nimesimama pale mlangoni. Akapaza sauti kwa adabu zote: "Mzee Mutyaba! Hongera! Ila ongeza kidogo mtu anapokata roho, Ngurumo huwa anaongea chinichini!"

Nikarudi ndani. Wale kumi na mmoja walikuwa wamebaki saba. Mama mmoja kasema humo ndani meno yanamcheza, anakwenda kusikilizia ng'ambo kama watu wengine. Alinidai arudishiwe kiingilio!

Jumapili, 10 Novemba

Sikulala. Asubuhi nimevuka barabara na madai rasmi. Watu themanini, masikio mia moja na sitini, yote yamekula mali yangu. Nimemtaka Nnaalongo akusanye ada ya kusikiliza, aniletee.

Nnaalongo akaendelea kukunja chapati. Kasema, "Ssebo, masikio yangu hayakutoka nyumbani kwangu. Sauti yako ndiyo iliyokuja kwangu bila kubisha hodi." Kisha kanionyesha trei: mayai sita yametembea yenyewe mpaka ukingoni wakati wa vita vya mwisho, yakaanguka. Anataka nimlipe!

Tumekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Kibirango. Nikaeleza kwa takwimu. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa, na mimi nikapata moyo. Kisha akasema fenesi likiangukia kwa jirani, mwenye mti hadai hata mbegu. Kesi imekwisha. Halafu akaniuliza, hivi yule dada aliyeumwa na nyoka alipona? Maana yeye aliondoka kabla ya mwisho, benchi lilikuwa limejaa.

Mwenyekiti! Naye!

Nikamwendea Ngurumo. Nikamshauri apunguze kueleza, awaache watu watazame kidogo. Alinitazama kama niliyemtukania mama. Kauliza, "Nikinyamaza, bosi, wewe utawauzia nini? Mwanga?" Nikapendekeza basi tupunguze sauti. Akaanza kulitafuta koti kwa macho. Nikasema natania.

Lakini mtu aliyejitengeneza mwenyewe hakosi njia. Sauti ni kama maji. Maji huzibwa.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeziba. Magodoro manne ukutani, mablanketi dirishani, magunia ya maranda kwenye nyufa, na zulia la mke wangu mlangoni. Jitu lenyewe nimelivisha mablanketi mawili na kulifunga kamba. Nilivuka barabara nikasikiliza: hakuna kitu! Nnaalongo mwenyewe aliinua kichwa, akatazama upande wangu. Kwa mara ya kwanza mwaka huu nililala mchana.

Jioni watu wakarudi. Arobaini na tatu! Wamelipa! Nilikaribia kuimba.

Dakika ya kumi, mashati yameanza kuvuliwa. Dakika ya ishirini, mtu mmoja kazimia, au kajifanya, ili abebwe nje. Joto la mle ndani lingeivisha muhogo. Na Ngurumo, maskini, anatoa sauti yake yote na kinachotoka ni mtu aliyefungwa kwenye gunia. Kasimamisha maneno. Kagonga maikrofoni. Kaliona lile blanketi na kamba.

Sitasahau uso wake. Hakupiga kelele. Kasema tu, "Umeninyonga, bosi." Akaacha maikrofoni ikining'inia, akachukua koti, akatoka katikati ya filamu. Nilidhani anakwenda kupunga upepo.

Akavuka barabara! Akapanda juu ya benchi la Nnaalongo. Na kutoka pale pale, bila laptopu, bila runinga, bila umeme, akaendelea: "Basi ndugu zangu, tulimwacha binti kisimani, kamba inakatika..." Kwa kichwa! Anaikumbuka filamu yote kwa kichwa!

Benchi moja lilitoka. Kisha la pili. Wote walinipita mlangoni mmoja mmoja, wakisema samahani, Mzee, samahani. Shemeji yangu ndiye wa mwisho, na aliniomba ya chapati.

Nimebaki mle ndani peke yangu na Mchina. Anakimbia, analia, anapanua mdomo. Sijui anasema nini. Miaka tisa ninaonyesha filamu hizi na sijui hata mmoja wao anasema nini!

Jumanne, 12 Novemba

Ngurumo hajarudi. Nimemtuma shemeji akamsihi. Kaja na jibu kwamba Nnaalongo anampa chakula mara tatu kwa siku, jioni anachagua hadithi anayoitaka, na kule hakuna anayemfunga blanketi. Leo atawaeleza filamu ambayo hata haijafika Uganda! Atakuwa anaitunga mwenyewe! Na wamekwisha kuanza kushika nafasi!

Nimekaa, nimepiga hesabu mara mbili, na kosa sasa naliona. Liko wazi kama jua. Jitu lilikuwa dogo.

Nimemwandikia Sula ujumbe huu kwenye simu, na ninaunakili hapa ili asije akakana:

"Sula. Mutyaba wa Kikoma. Nahitaji spika za nje, za laptopu hiihii, zenye wati zisizopungua elfu ishirini, za muziki, si za ukutani. Nitazipanga barabarani zikitazama mabenchi ya ng'ambo, mtu akisimama pale kusimulia asisikike hata na aliyemshika mkono. Nitawapigia filamu zote nilizonazo mpaka waombe msamaha. Usinipe ushauri. Unazo au huna? Nataka neno moja, ndiyo au hapana, kabla ya saa sita mchana kesho Jumatano. Ikipita hapo nakwenda duka la pili."