Mapera Yangu Yana Kosa Gani?

Kwako Mhariri wa jarida la Vijana Safarini, Taipei,

Natumaini barua hii inakukuta umekwisha kula. Mimi ni Hsieh Wen-lung, mkulima wa mapera hapa Yanchao, kusini mwa Taiwan, na si mtu wa kuandikaandika magazetini. Ila ukurasa wenu wa mashauri kwa vijana waendao ughaibuni kufanya kazi na kutembea umeniharibia nyumba, na kwa heshima zote naomba ufungwe. Mwanangu wa pekee, Po-jui, aliukata, akaubandika kwenye mlango wa choo, akaufuata neno kwa neno. Sasa yuko Australia, kwenye shamba la matufaha la watu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mliandika kwamba kazi ya shamba la matunda "humfungua kijana akili." Mhariri, huyu amezaliwa katikati ya mipera. Kila nilipomwita shambani alikuwa na mgongo, au mtihani, au mbu. Naomba maelezo ya kitaalamu: mapera yangu yana kosa gani hata yameshindwa kumfungua akili miaka yote hiyo, halafu matufaha yakaweza kwa muda mfupi tu?

2. Mliwashauri wajifunze kupika kabla ya kuondoka. Hapa nyumbani Po-jui hakujua chumvi inakaa wapi. Sasa anawapikia wenzake wa bwenini wali na nyama ya nguruwe ya mchuzi wa soya, na kuna Mfaransa analamba sahani. Mama yake alimwuliza kwenye simu anaufanyaje mchuzi ukawa mzito vile. Akajibu, "Mama, si ni wako huo huo? Wewe una haraka tu, unauepua mapema." Tangu siku hiyo mke wangu hauepui, na chakula cha jioni tunakula tukisinzia.

3. Hili ndilo zito. Mmeandika, "Wapigie wazazi simu kila wiki, na uwashukuru." Nani aliwatuma? Nyumbani kwetu hakuna anayemshukuru mwenzake. Ukitaka kujua kama unapendwa, unakatiwa pera, unawekewa mbele, basi. Juzi juzi ananiambia, "Baba, asante kwa yote." Nikajua kijana anakufa. Nikamwuliza amelazwa hospitali gani. Akacheka: "Mzima mimi, Baba. Nimekukumbuka tu." Ilibidi nimpe mama yake simu, nikatoka nje kukagua pampu ya maji, ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mtu wa umri wangu hapaswi kushtuliwa hivyo.

4. La nne nimelisahau. Lilihusu soksi.

5. Hapa kwetu pera likifikia ukubwa wa kidole gumba unalivika wavu laini, kisha mfuko, unafunga, unahamia linalofuata, mpaka shamba zima limevaa. Kazi hiyo Po-jui aliichukia kuliko zote. Sasa sikia. Huko alitumwa kupunguza matufaha machanga. Bosi wake, Bwana Murray, aliporudi alikuta mti mzima umevikwa mifuko ya mkate. "We kijana, unafanya nini?" Mwanangu akamjibu, "Yako uchi, Bosi. Ndege watayamaliza. Baba yangu angenifukuza." Watu wakaja kupiga picha. Bwana Murray akacheka mpaka akakaa chini, akaamuru mti ule uachwe hivyo hivyo, wageni wauone. Nilimbembeleza miaka mingapi anifungie mfuko mmoja tu, Mhariri, leo anawafungia wageni bila hata kuombwa.

6. Bwana Murray huyo sasa anamtaka abaki mwaka wa pili. Mwaka Mpya wa Kichina unakuja, siku ambayo familia nzima hula pamoja, meza ni ya duara, na kiti kimoja kikiwa kitupu kinaonekana kutoka kila upande. Mke wangu ameweka juu yake gunia la mchele ili tusikione. Tunaliona gunia.

Msinishauri nimfuate. Shamba haliwezi kuachwa hata siku moja, na mimi safari siziamini.

Ombi langu ni jepesi. Kabla hamjaufunga ukurasa huo, chapisheni humo kwamba kuna shamba zuri Yanchao linalopokea vijana kutoka ughaibuni, hasa mwenye jina la Hsieh. Kitanda kipo, ni kile kile. Nguo atajifulia, na mama yake atampigia simu kila wiki kutoka chumba cha juu. Mwenye shamba ni mkali, lakini ameanza kujifunza Kiingereza. Tayari anajua kusema "kazi nzuri", maneno ambayo kwa lugha yake mwenyewe hayajawahi kumtoka mdomoni.

Wasalimie wachapaji wote, na wasambazaji, na yule binti anayeandika mashauri. Mwulize kama yeye mwenyewe amekwenda kuwaona wazazi wake.

Ni mimi, mwenye hasira na adabu,
Hsieh Wen-lung

Tanbihi: Kabla sijaibandika bahasha, Po-jui amepiga simu. Kasuku wameshuka shambani kwa Bwana Murray, wameyadonoa matufaha yote isipokuwa ya mti ule uliovaa. Sasa Bwana Murray hacheki; anataka mifuko ya shamba zima kwa msimu ujao, na anauliza nani amemfundisha kijana huyu. Nimeiona picha ya mti huo. Mafundo yamelegea, ni aibu kwa ukoo. Itabidi niende mwenyewe. Jirani yangu Kuo atanimwagilia mipera, na gunia la mchele tumelirudisha jikoni, maana Mwaka Mpya tutakula huko huko. Kwa hiyo ukurasa msiufunge kwanza. Nijibuni upesi: yale mashauri yenu ya kuvaa kofia kwenye jua la Australia yanamhusu pia mtu wa miaka sitini na mbili? Na "kazi nzuri", mtu akitaka kumwambia mwanawe kwa Kichina, anaanzaje?