Mashine Ninayo, Kisu Sina

Jumatatu, 4 Machi

Mashine imefika. Ya kuchonga chuma, ya kijani, nzito kuliko dhambi. Wanaume wanne wameibeba mpaka bandani. Mimi nilisaidia kwa maelekezo.

Glenys, mke wangu, kauliza inafanya nini. Nikasema inafanya kila kitu. Akasema basi ianze na kimoja. Komeo la lango limevunjika tangu majira ya baridi na mbwa wetu anazurura Ulverstone nzima kama diwani. Nimepewa hadi Pasaka. Komeo lisipopatikana, mashine inaondoka na banda linakuwa chumba chake cha kukamulia asali. Hatanii. Ameshapima dirisha kwa ajili ya pazia.

Jirani Trevor Hingston kachungulia juu ya ua. Ana mashine kama yangu na ugonjwa wa kujua mambo. Kauliza nimenunua jiliwa gani la kubania chuma, na visu gani. Sijanunua. Pesa zote zimemezwa na mashine. Akasema mashine bila visu ni sufuria bila chakula. Ninunue jiliwa moja zuri na visu vitatu vya maana, vingine vitafuata kadiri kazi inavyodai. Nikamjibu kwamba mwenye akili hanunui vitatu wakati kwa bei hiyo hiyo anapata hamsini.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata hamsini. Boksi zima, mnadani Devonport. Vinang'aa kama dhahabu. Nilimwonyesha Trevor kupitia dirishani, kimya kimya, kwa heshima.

Jioni nikagundua mashina ya visu ni manene, hayaingii kwenye kishikio cha mashine. Kimeingia kimoja tu. Kimoja kinatosha. Jiliwa sina, kwa hiyo chuma nilikibana kwa kile kibanio cha Glenys cha kufungia mashine ya kusagia nyama. Nikawasha.

Kisu kilivunjika papo hapo. Chuma kilitoka dirishani na kutua kwenye nyanya za Trevor. Alikirudisha mwenyewe, kimepanguswa. "Nadhani hiki ni chako, Lyndon," akasema. "Kimekuja bila jiliwa."

Glenys anatafuta kibanio chake. Nimemsaidia kutafuta kwa bidii.

Jumapili, 10 Machi

Habari njema: Keith Ruddock amefariki. Namaanisha, habari ya huzuni. Lakini alikuwa fundi, na kwenye chama chetu cha treni ndogo wanasema vifaa vyake vyote bado vimo gereji. Mashine yenyewe kijana wake kaichukua, kaenda nayo Hobart. Jiliwa na visu kaviacha.

Nimefikiri haraka. Mjane anahitaji msaada, nami nina mashine ya kukatia nyasi. Nikamwendea Bi Maureen Ruddock kabla ya chai ya asubuhi. Nikamkuta Trevor juu ya ngazi, anasafisha mifereji ya paa.

Mtu anayefaidika na msiba wa mwenzake hana haya. Nikawasha mashine yangu ya nyasi.

Jumanne, 12 Machi

Vita. Trevor kapaka rangi ua wa mbele. Mimi nimepeleka pai ya kome wa skalopi. Nilimwomba Glenys aioke, nikamwambia kuna mgonjwa. Kaioka kwa moyo mweupe, kwenye bakuli lake la harusi.

Bi Maureen katukaribisha wote wawili. Tukashindana kumsifu marehemu. Trevor akasema Keith alikuwa na mikono ya dhahabu. Nikasema alikuwa kama kaka kwangu. Ukweli ni kwamba aliwahi kunitoa kwenye treni ya watoto mbele ya watoto.

Kisha akatufungulia droo. Jiliwa la chuma cha zamani, halina hata kutu. Visu vichache tu, kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta kama mtoto mchanga. Nikakamata kimoja, ukubwa wake ndio hasa ninaohitaji. Macho yakanilowa. Bi Maureen akanishika bega, akasema hakujua kama nilimpenda Keith kiasi kile. Trevor akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka. Si kwa kilio.

Ijumaa, 15 Machi

Bi Maureen katuita atoe uamuzi kuhusu vifaa. Nilivaa tai.

Bi Maureen akamimina chai bila haraka. "Nyie vijana," akasema, nasi tunakaribia sabini, "mmenifaa sana. Mifereji inapitisha maji, nyasi zimekaa sawa. Lakini Keith hakuniruhusu kushika hata bisbisi yake maisha yake yote. Sasa nashika. Siuzi kitu."

Trevor akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nikamuuliza kwa upole atafanyia nini vifaa bila mashine.

"Ndilo nililotaka kuwauliza," akasema. "Mnamjua mtu mwenye mashine asiyeitumia?"

Trevor alininyooshea kidole.

Mlango ukagongwa. Glenys, kafuata bakuli lake. Kamtazama Bi Maureen, mzima wa afya, mashavu mekundu. Kanitazama mimi na tai yangu.

"Huyu ndiye mgonjwa?" akauliza.

Wakaingia jikoni wao wawili. Walipotoka, walikuwa wamekubaliana bei.

Jumapili, 17 Machi

Mashine imekwenda kwa Bi Maureen, juu ya trela ya Trevor. Hata Pasaka haijafika. Nilibaki bandani peke yangu. Sakafuni pamebaki alama nne pale ilipokuwa imesimama. Nilizifagia, hazikutoka. Nilikaa juu ya boksi la visu hamsini nikajiona mjinga, jambo ambalo halinitokei mara kwa mara.

Glenys aliniletea chai. Hakunicheka. Heri angenicheka.

Alhamisi, 21 Machi

Bi Maureen kaleta komeo. Kalichonga mwenyewe, mara ya tatu ndipo likatoka sawa. Limekaa langoni vizuri mno. Mbwa kalitazama kwa chuki. Tuko wawili.

Jumamosi, 23 Machi

Nimetafakari, na kosa nimeliona. Mashine ya kuchonga ni tamaa tupu, inataka visu, inataka jiliwa, haishibi. Mtu mwenye busara angenunua mashine ya kukereza.

Ipo moja Burnie. Bei ya kutupa. Haina mota. Haina kishikio wala kisu, na mwenyewe anasema zamani ilikuwa na miguu. Hivyo ni vitu vidogo vidogo.

Nimeazima trela ya Trevor, nikamwambia nakwenda kuchukua mbolea. Akauliza ni mbolea gani hiyo inayohitaji winchi na wanaume wanne.

Wivu mtupu.