Mkono wa Kuazima

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepima presha mara kumi na moja leo. Ya kwanza alfajiri: 148 kwa 90. Nikaogopa. Ya pili, kwa sababu ya kuogopa: 161. Nikaogopa zaidi. Kufika saa nne asubuhi nilikuwa na 174, na suruali ya sare ya mtoto wa mteja nimeishona miguu yote miwili pamoja.

Mwaka wa tisa huu nina presha. Vidonge nameza, chumvi nimepunguza, hilo nimelizoea. Kinachonisumbua ni kile kingine, kinachoingia bila hodi. Kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, naamini kabisa kwamba siku yangu imefika. Nimeshakufa hivyo kama mara arobaini tangu Pasaka. Kila mara najikuta mzima, nimekaa mbele ya cherehani, naona aibu.

Rebeka, mwanangu, kapiga simu kutoka Dodoma. Alhamisi nikitoka kliniki nimtumie picha ya daftari langu la kliniki. Ikizidi 160 anakuja kunichukua. Nifunge kibanda changu hapa Mkuyuni, Mwanza, nikakae kwake, nipumzike. Nimemjibu kwa upole kwamba picha ataipata.

Dodoma siendi. Sina cha kufanya kwenye sebule ya mtu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefikiri. Tatizo si presha, tatizo ni kupimwa. Nikiona tu kile kitambaa kinavimba mkononi, moyo unakimbia.

Nimejaribu utulivu. Nimeenda ziwani, nikakaa kwenye mawe, nikapumua kama alivyonifundisha Evelina, nesi wa kliniki: kuvuta hesabu nne, kutoa hesabu sita. Ilikuwa inaenda vizuri. Kisha korongo mmoja akaja kusimama karibu yangu, kichwa kipara, akanitazama kama anayesubiri kitu. Ndege wale wanakula mizoga. Nikaondoka.

Nyumbani: 169.

Jirani yangu wa kibanda cha vitenge, Mwaija, tunayemwita Mama Salehe, aliniona nikirudi. Akaniambia, kwa mara ya mia, kwamba yeye ana miaka hamsini na tisa na hajawahi kumeza hata Panado. Kwamba ugonjwa ni wa wanaoufikiria. Nilikasirika sana. Halafu nikautazama mkono wake. Mkono mnene, mtulivu, hauna wasiwasi na mtu.

Jumatano, 10 Septemba

Mama Salehe alikataa kwanza. Akasema kwenda kupimwa kliniki kwa jina langu ni uongo, na uongo ni dhambi. Nikamwambia namwelewa, watu wengi wanaogopa mashine.

“Nani anaogopa?”

Nikasema sijamtaja mtu.

Amekubali. Evelina yuko likizo, nesi na daktari waliopo ni wageni, na daftari halina picha yangu. Nimemkaririsha tarehe yangu ya kuzaliwa. Analalamika kwamba nimemzeesha miaka miwili.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama Salehe aliingia kliniki kama bibi harusi. Mimi nikabaki kwenye benchi la nje, kitambaa nimejifunika hadi puani.

Dakika kumi. Kisha nesi akatoka mbio, akarudi anasukuma kiti cha magurudumu.

198 kwa 120. Walimpima mara tatu. Sauti yake niliisikia hadi nje. Alikuwa anawaambia kwamba presha hiyo si yake, ni ya Bernadeta, waende wakamtafute Bernadeta. Wakamwita kwa upole, “Mama Bernadeta, tulia.” Nesi akasema mgonjwa amechanganyikiwa. Wakapiga namba iliyoandikwa kwenye jalada la daftari.

Namba ya Rebeka.

Ningeweza kuondoka. Naandika ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma: niliinuka nikaelekea getini. Na pale getini kile kitu kikanishika, kifua, vidole, vyote. Nikashika nguzo. Nikakumbuka kwamba daftari lina dawa zangu za miaka tisa, na mwanamke aliyemo ndani hajawahi kumeza kidonge hata kimoja. Watampa dawa kwa historia yangu.

Sikusubiri kitulie. Niliingia nacho, natetemeka, nikamwambia daktari mbele ya watu wote kwamba Bernadeta ni mimi.

Daktari Yeremia alilifunga daftari langu. Kisha akamgeukia Mama Salehe, akamuuliza jina lake halisi, na kama kichwa huwa kinamuuma. Akajibu kwamba kinamuuma mwaka wa pili sasa, ila ni harufu ya vitenge vipya.

Wakamlaza. Kisha daktari akanipima mimi. 151 kwa 92! Nilikuwa nimesahau kuogopa.

Nikasema kwa sauti kwamba nimemshinda kwa 47. Hakuna aliyecheka.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilimpigia Rebeka jana ileile. Hakupatikana, alishapanda basi na simu ilikuwa imezimika. Amefika leo asubuhi, macho mekundu. Kanikuta kwenye cherehani.

“Mama, nimesafiri nikijua nakuja kukuzika.”

“Pole mwanangu. Umekula?”

Alilia, kisha akagomba, kisha akala. Nilimpikia samaki sato. Nilimweleza yote, nikianza na korongo ili anielewe. Hakuelewa.

Jioni tulienda wodini. Mama Salehe yuko 164, anashuka. Hakunigombeza, jambo lililonitisha. Alisubiri Rebeka atoke kutafuta maji, ndipo akaniuliza kwa sauti ndogo kama vidonge hivi ni vya maisha. Nikasema ndiyo. Akauliza mtu analalaje akijua hivyo.

Nikamwambia kwamba kuna siku silali. Hofu inakuja, nakaa nayo, napumua, inaondoka, na asubuhi nafungua kibanda. Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo. Alinishika mkono hadi muda wa kuona wagonjwa ulipoisha.

Jumamosi, 13 Septemba

Rebeka alinipeleka kwa Daktari Yeremia kama mshtakiwa. Daktari akasema nina magonjwa mawili, yote ya kweli. Presha inachokoza wasiwasi, wasiwasi unachokoza presha. Kwamba wasiwasi si uoga wala upungufu wa imani, na una tiba yake. Nipime asubuhi na jioni, basi. Na Jumanne nikaonane na mshauri.

Rebeka akauliza kama naweza kuendelea kuishi peke yangu.

“Juzi mama aliingia humu anatetemeka ili kumwokoa mwenzake,” daktari akasema. “Anaweza.”

Akaongeza kwamba nikirudia mchezo ule atanifukuza kliniki. Sehemu hiyo sikuisikia vizuri.

Nabaki Mwanza. Rebeka anarudi Dodoma kesho, na masharti: nimeze dawa, nihudhurie kwa mshauri, nisidanganye. Nimekubali yote matatu kwa pamoja, ili tusichambue moja moja.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimefuata fomu ya mshauri mapema ili nijiandae. Ina maswali saba. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekuwa na wasiwasi, umeshindwa kutulia, na kadhalika. Kila jibu lina alama. Asiye na shida anapata sifuri.

Katika maisha yangu ya shule sikuwahi kuwa wa kwanza. Hii fomu naiweza.

Nimeipeleka kwa Selina wa kwaya, mwanamke mtulivu kuliko wote ninaowajua. Alisinzia kwenye harusi yake mwenyewe. Nimemwomba aijaze yeye, kwa moyo wake, bila kumweleza sababu. Sifuri tupu, mstari hadi mstari. Nimekaa tangu saa tisa nakariri majibu yake.

Moyo unanienda mbio na siwezi kukaa mahali pamoja. Lakini hilo ni swali la tano, na jibu lake ni hapana kabisa.