Wimbo wa Tano wa Verediana

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Siku njema. Nimesema uongo mmoja tu.

Kikao cha parokia hapa Runazi. Katekista Theonest ametangaza kwamba Verediana anakuja Jumapili. Verediana! Binti wa hapa hapa, niliyemfukuza kwenye kwaya yangu miaka tisa iliyopita kwa kosa la kuchelewa. Si kuchelewa mazoezini. Kuchelewa ndani ya wimbo. Wenzake wakifika kwenye neno, yeye bado yuko njiani. Sasa anaishi Dar es Salaam, anatunga nyimbo zake mwenyewe, na ametoa albamu. Inaitwa Umande wa Pili. Nyimbo tisa. Watu wanasema ni jazi.

Katekista akauliza nani ameisikiliza, ili amkaribishe mgeni na kuwaeleza waumini. Erasmus, mwalimu wa kwaya ya vijana, mtu wa maringo, akasema amesikia nyimbo mbili redioni. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Nikasema nimesikiliza zote tisa, mara tatu. Nikaongeza kwamba mengi yaliyomo yalitoka kwangu.

Nimechaguliwa! Erasmus aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Sijasikia hata wimbo mmoja.

Jumanne, 2 Septemba

Pikipiki hadi Biharamulo mjini. Vumbi hadi kwenye meno. Nikaenda kwa Halfani, karibu na soko, anayetengeneza simu na kuwajazia watu nyimbo. Babu yake alikuja na duka kutoka pwani. Halfani husikiliza muziki kama wengine wanavyosikiliza hukumu. Nikamwomba anijazie Umande wa Pili. Akakataa. Akasema kwanza nikae, nivae hedifoni zake kubwa, nisikilize mpaka mwisho bila kusema neno. Baada ya hapo atanijazia.

Nikavaa. Nikatoa kalamu na daftari.

Wimbo wa kwanza. Nilitegemea magita ya bendi za zamani, yale ya kuchezea na mke. Hakuna! Kinanda peke yake, kinatembea kama mtu aliyepoteza funguo ndani ya nyumba. Kisha gita la besi. Kisha ngoma inayopigwa kwa ufagio. (Nimeuliza. Ni kweli ni ufagio, wa chuma, mdogo.) Saksafoni ina mafua. Halafu Verediana anaingia. Amechelewa. Miaka tisa, na bado anachelewa! Nikaandika.

Kufikia wimbo wa tatu nilikuwa na makosa kumi na manne. Katika wa nne, sauti yake na besi zilibaki peke yao, nikasahau kuandika. Sijui ilikuwaje. Labda joto.

Halfani akaninyanyulia hedifoni upande mmoja.

"Unaandika nini, mwalimu?"

"Makosa."

"Na wimbo wenyewe umeuandika wapi?"

Watu wa asili ya pwani husema mambo ya namna hii. Nikamwachia.

Wimbo wa tano. Ah! Unaitwa "Mwalimu". Kuna mwalimu wa kwaya mwenye kiburi. Anagonga benchi kwa fimbo. Mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Anasimamisha wimbo kwa kila nota, na maishani mwake hajawahi kusikia wimbo wowote ukiisha. Nilicheka mpaka machozi. Erasmus mtupu! Nikamwambia Halfani. Akanitazama kwa muda mrefu, hasa usoni. Akauliza kama huyo Erasmus anavaa miwani. Nikasema havai, lakini wasanii hutunga.

Nikavua miwani nifute machozi. Uzi ulikuwa umelegea, nikaukaza.

Beti mbili zinatosha kumjua mtu. Nikavua hedifoni. Halfani akasema bado nyimbo nne na nusu. Nikasema nina haraka. Amenijazia kwenye simu, lakini bila furaha.

Nimepata mpango.

Jumatano, 3 Septemba

Mpango ni huu. Jumapili kwaya yangu itamkaribisha Verediana kwa kuimba "Mwalimu". Erasmus atakuwa benchi la mbele. Atasikia habari zake mbele ya parokia nzima, na mimi nitakuwa naongoza tu, bila kumtaja mtu.

Niliweka simu ndani ya sufuria ili sauti ikue, nikawasikilizisha wanakwaya. Sijawahi kuwaona wakipenda wimbo namna ile! Eustakia wa sauti ya pili alitoka nje kucheka, akarudi, akaniangalia, akatoka tena. Nikawasifu kwamba leo wameelewa haraka.

Mazoezi magumu. Sauti ya nne wote wanaimba "mwarimu". Nikagonga benchi kwa fimbo. "Rudieni!" Nimesimamisha wimbo kama mara arobaini. Kila nilipogonga, walicheka. Kazi ikipendwa ndivyo inavyokuwa.

Alhamisi, 4 Septemba

Mke wangu Deodata ana maswali. Tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na maharage, kwa amani. Akauliza nani alimfukuza Verediana. Nikasema mimi, kila mtu anajua. Akauliza nani anafunga miwani kwa uzi. Nikasema hilo ni suala la fundi miwani.

"Baba Joyness, huo wimbo umeusikiliza mpaka mwisho?"

Nikamwambia mpishi hamalizi chungu ili ajue chumvi.

"Haya," akasema. Deodata akisema haya, huwa hajakubali.

Ijumaa, 5 Septemba

Erasmus alinisimamisha kwenye mashine ya kusaga. Mpole kupita kiasi! Akasema amesikia tunachoandaa. Akauliza kama nina uhakika. Akasema nikitaka, vijana wake wataimba kitu kingine badala yetu, na hakuna atakayeuliza.

Anaogopa. Nikamjibu kwamba sanaa haimwogopi mtu. Akanishika bega, akasema pole, akabeba unga wake akaenda.

Pole ya nini? Hofu inamchanganya.

Jumamosi, 6 Septemba

Kwaya haijui ubeti wa tatu. Mimi pia. Nikakaa nyuma ya nyumba, karibu na maharage tuliyoanika, simu sikioni.

Katika ubeti wa tatu Verediana anasema mwalimu alimfukuza akiwa na nusu ya wimbo, nusu ya pili ameimalizia barabarani. Anasema bado anamsikia kila anapopanda jukwaani: moja, mbili, jaza tumbo, si mabega.

Jaza tumbo, si mabega.

Hayo ni maneno yangu. Vijana wa Erasmus wanapumua kwa mabega.

Nimeurudia mara nne. Sikuandika kosa lolote. Nimekumbuka siku ile. Alisimama mlangoni na daftari lake kifuani, akingoja nimwite arudi. Nilimwona. Nikaendelea na mazoezi.

Kisha nikasikiliza wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa. Mbuzi wa jirani wamekula maharage. Niliwaona pia.

Ule wimbo si wa Erasmus. Na wote wanajua! Eustakia anajua tangu Jumatano. Erasmus anajua. Halfani alijua kabla yangu, nami nimekaa mbele yake.

Mpango mpya: malaria.

Jumapili, 7 Septemba

Malaria imekataliwa. Deodata aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akanipa shati lililopigwa pasi.

Baada ya misa Verediana akasimama mbele na mpiga gita mmoja. Amekuwa mtu mzima. Akaja moja kwa moja kwangu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Hotuba yangu kuhusu albamu ilikuwa ya dakika kumi. Nikasema karibu nyumbani, ikaisha. Nilikusudia kukaa, lakini kwaya walikuwa wameshasimama, nyuso zinang'aa. Hakuna nguvu duniani ingewazuia. Wakaanza "Mwalimu" bila mimi kuhesabu.

Verediana akaweka mkono mdomoni. Kanisa zima likanitazama. Erasmus peke yake alitazama sakafu, na kwa hilo sitamsamehe.

Kwenye ubeti wa pili Verediana akajiunga nao. Akachelewa. Fimbo yangu ikapanda yenyewe, tayari kugonga. Akaiona. Hakunyamaza. Nikaishusha fimbo. Nikaiweka chini ya benchi kabisa.

Ubeti wa tatu, ambao kwaya haiujui, aliuimba peke yake, na wimbo ukafika mwisho. Ni mrefu kuliko nilivyodhani Jumanne, na mwisho wake ni mzuri.

Akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Nimechelewa wapi, mwalimu?"

Nikasema, "Hujachelewa. Sisi ndio tulikuwa na haraka."

Akalia. Mimi sikulia. Deodata anadai nililia.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeamka mtu mwingine. Sokoni wameniamkia watu nisiowajua. Katekista ameniita mwalimu wa kwenye albamu. Erasmus hana wimbo hata mmoja, na sababu iko wazi: hajawahi kumfukuza mtu.

Nimefikiri asubuhi yote. Miaka thelathini na moja ya kazi. Nimemfukuza mmoja, akatoa albamu. Niliowabakiza ni ishirini na wawili, na hakuna anayejulikana hata hapo jirani Nyakahura. Kosa lilikuwa upole wangu.

Deodata amesema hilo silo fundisho la habari hii. Nikamuuliza fundisho ni lipi. Amechukua jembe, ameenda shambani.

Jana mgeni mwenyewe alimsifu Eustakia mbele ya watu. Ana sauti nzuri sana, na ameanza kuchelewa kidogo. Itabidi aende. Barua yake ya kumfukuza iko tayari, kurasa mbili, maneno makali. Nimeitia vina, asije akapata shida ya kuiimba baadaye.